Ndege zimejaa, hasara inatoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Mwanza kuhusu Air Tanzania

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara, napanda Air Tanzania mara kwa mara kati ya Mwanza na Dar. Kila nikipanda ndege imejaa, na nauli si ya kitoto. Halafu Aprili ikifika tunasikia CAG anasoma hasara ya mabilioni, na kila mwaka inazidi. Baba yangu anasema hata shirika la zamani lilikufa hivi hivi. Naomba unieleze hela inaenda wapi, ilianzaje, na kama si bora liuzwe tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umsalimie sana mzee wako. Kumbukumbu yake iko sawa, ingawa nitamwongezea mawili matatu huko mbele.

Nianze na hela, kwa sababu ndiyo inayokuuma. Kwa mujibu wa ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka wa fedha 2021/22 ATCL, ndiyo kampuni ya Air Tanzania, ilipata hasara ya Sh35.2 bilioni. 2022/23 ikapanda hadi Sh56.6 bilioni, na 2023/24 ikafika Sh91.8 bilioni. Wewe unaingia ndani, unaona watu 76 wamekaa, unazidisha kwa nauli uliyolipa, unasema hapa kuna wizi. Wizi siwezi kuuapia wala kuukanusha, hiyo ni kazi ya wakaguzi. Ila hata pale ambapo hakuna aliyegusa shilingi, shirika lenye ndege zinazojaa linaweza kuzama vizuri tu. Ndege iliyojaa ni ile uliyopanda wewe. Iliyoegeshwa ikisubiri injini huioni. Hiyo haina abiria hata mmoja, lakini bima yake inalipwa, kodi ya kuikodisha inahesabiwa, na marubani na mafundi waliosomeshwa kwa ajili yake wanapokea mshahara mwisho wa mwezi kama kawaida.

Kwenye biashara hii kuna gharama zinazokuja ndege inaporuka: mafuta, ada za kutua, chakula cha abiria. Halafu kuna gharama zinazokuja iruke isiruke. Nikupe mfano wa kubuni tu ili hesabu ionekane. Tuseme gharama hizi za pili ni dola 300,000 kwa mwezi kwa ndege moja. Ikiruka saa 300 kwa mwezi, kila saa ya hewani inabeba dola 1,000. Ikiruka saa 150 kwa sababu wiki mbili ilikuwa karakana, kila saa inabeba dola 2,000. Nauli ya Mwanza haiwezi kupanda mara mbili ili kufidia, maana ungehamia kwa Precision Air au ungerudi kwenye basi. Kwa hiyo shirika linauza kila kiti na bado linakula hasara kwa kila saa inayoruka.

Sasa twende kwa mzee.

Kabla ya 1977 hatukuwa na shirika letu. Tulikuwa wabia katika East African Airways, iliyoanza 1946 chini ya serikali ya kikoloni na baadaye ikamilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Lilikuwa shirika la heshima: katikati ya miaka ya 1960 liliagiza Super VC10, ndege iliyokuwa na hadhi kubwa zama hizo, na kuipeleka London. Lakini makao yake yalikuwa Nairobi. Karakana kubwa ilikuwa Nairobi, stoo ya vipuri Nairobi, hata uhasibu Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwanzoni mwa 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Kenya ilibaki na miundombinu na ikaanzisha Kenya Airways ndani ya wiki chache. Sisi tulibaki na wafanyakazi wenye ujuzi, ruti za ndani na madai. Mgawanyo rasmi wa mali za Jumuiya ulikuja kukubaliwa 1984, miaka saba baadaye.

Shirika la Ndege Tanzania, ATC, liliundwa Machi 1977 katika hali hiyo. Na hapa nitampinga mzee wako kidogo: halikuzaliwa likiwa bovu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilipokea kutoka kiwandani Boeing 737-200 mbili za aina ambayo kwenye makaratasi ya Boeing inaandikwa 737-2R8C. R8 ni namba ya mteja ambayo Boeing iliipa Tanzania. Ile C ya mwisho maana yake ndege inaweza kubadilishwa: ina mlango mkubwa wa mizigo ubavuni, viti unavitoa, unapakia shehena. Kwa nchi yenye barabara kama zetu za wakati ule, aliyeagiza hivyo alijua anachofanya. Ndege moja ya watu na mizigo, aina moja ya injini, kundi moja la mafundi. Nimeona maagizo ya karne hii ambayo hayakufikiriwa kwa umakini ule.

Kilichoiua ATC ya kwanza kilikuwa dola. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, kisha miaka ya 1980 ambayo Benki Kuu haikuwa na fedha za kigeni za kununulia hata dawa. Kipuri cha ndege hakinunuliwi kwa shilingi. Ukikosa dola, unachomoa kipuri kwenye ndege moja kuvisha nyingine, na ile uliyochomoa inabaki chini. Mtu akiniambia shirika lina ndege tano, huwa namuuliza leo zimeruka ngapi. (Enzi hizo hizo, Februari 1982, ndege yetu moja ilitekwa ikitoka Mwanza kuja Dar, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi uwanja wa Stansted, Uingereza, watekaji wakimtaka Mwalimu ajiuzulu. Wazee wa Mwanza wanaikumbuka. Haihusiani na hasara, ila ukitaja ATC ya zamani lazima mtu ataiuliza.)

Miaka ya 1990 tukajaribu ubia. Kwanza Alliance Air, ya Tanzania, Uganda na South African Airways, iliyokuwa ikirusha Boeing 747SP ya Waafrika Kusini. Ilikufa mwaka 2000. Kisha Desemba 2002 Serikali ikaiuzia South African Airways asilimia 49 ya shirika lenyewe kwa dola milioni 20, na Machi 2003 likazinduliwa upya kwa jina la Air Tanzania Company Limited. Ndiyo hiyo ATCL ya leo. Ahadi ilikuwa kwamba Dar itageuzwa kituo kikuu cha Afrika Mashariki, abiria wa ukanda huu waunganishe safari zao hapa. Haikutokea. Ubia ukavunjwa 2006, Serikali ikavirudisha vile vipande vya hisa kwa dola milioni moja.

Kuna jambo dogo la kipindi hicho ambalo kwangu linasema mengi. Kila shirika la ndege lina tarakimu tatu zinazotangulia namba ya tiketi, na kwa tarakimu hizo hela ya tiketi hujulikana inakwenda kwa nani. Ya Air Tanzania ni 197. Wakati wa ubia, tiketi zilikuwa zinatolewa kwa 083, ambayo ni ya South African, na safari zikibeba herufi za SA. Tulipoachana, ATCL ilibidi irudishe 197 na herufi zake za TC, na ijenge upya mambo ambayo abiria hayaoni: mfumo wa kuuza tiketi, mfumo wa kugawana mapato na mashirika mengine, uhusiano na mawakala. Shirika lilikuwa limeachwa na jina na nembo ya twiga mkiani mwa ndege, bila mashine ya kukusanya hela zake lenyewe.

Kilichofuata ni miaka kumi ambayo ningependa kuiruka, lakini ina somo la moja kwa moja kwenye swali lako. Mwaka 2007 ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni iliyosajiliwa Liberia. Ndege ikafanya kazi miezi michache, ikafikia muda wa matengenezo makubwa, ikapelekwa nje, na huku kodi ikawa inaendelea kuhesabiwa kwa dola. Deni lile likaja kuiangukia Serikali iliyokuwa imetoa dhamana, na limeonekana kwenye ripoti za CAG kwa miaka. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikaondoa cheti cha uendeshaji cha shirika kwa kasoro za nyaraka, likasimama hadi Januari 2009. Machi 2010 Boeing 737-200 ikatoka nje ya njia yake hapo kwenu Mwanza. Aprili 2012 Dash 8 Q300 ikaharibika vibaya Kigoma ikijaribu kuruka. Kwa bahati hakufa mtu. Kufika 2016, ndege ambayo shirika lingeweza kuitegemea ilikuwa moja, Q300 iliyobaki. Mzee wako anaposema lilikufa, hakosei sana.

Septemba 2016 zikaja Bombardier Q400 mbili, ambazo mtaani zikaitwa pangaboi kwa sababu ya mapanga yake. Watu walizicheka, mimi nikazishangilia. Kwa safari ya saa moja kwenda Dodoma au Iringa, ndege ya mapanga inakula mafuta kidogo kuliko jeti na inatua kwenye njia fupi. Baadaye zikafuata kwa kasi: Boeing 787-8 Julai 2018, Airbus A220-300 Desemba 2018 (tukawa wa kwanza Afrika kuirusha aina hiyo), 787 ya pili 2019, ndege ya mizigo Boeing 767-300F Juni 2023, 737 MAX 9 Oktoba mwaka huo huo, 787 ya tatu Agosti 2024. Shirika la ndege moja likawa na ndege 16.

Nenda nazo polepole hizo 16. Ni Q300 moja, Q400 tano, A220 nne, MAX 9 mbili, 787 tatu na 767 ya mizigo moja. Aina sita. Hata ukizihesabu Q300 na Q400 kama ndugu wa tumbo moja, zinabaki tano. Rubani wa A220 hawezi kuamka asubuhi akarusha MAX. Fundi mwenye leseni ya Q400 hasaini 787. Kila aina inataka stoo yake ya vipuri, mafunzo yake kwenye mashine za kuigiza urukaji zilizoko nje ya nchi, mkataba wake wa injini na vitabu vyake. Shirika lenye ndege 300 linaweza kubeba aina tano. Lenye 16, aina moja ikipata ugonjwa robo ya ndege zako inalala, na huna nyingine ya kuziba pengo kwa sababu marubani waliobaki bila kazi hawaruhusiwi kuirusha.

Ugonjwa huo ulikuja. Injini za A220, zinazotengenezwa na Pratt & Whitney, zilionekana kuchakaa mapema kuliko ilivyoahidiwa, na Novemba 2022 ATCL ilitangaza kuzisimamisha ndege zake za aina hiyo. Hatukuwa peke yetu: Swiss na airBaltic wameegesha zao, na EgyptAir waliamua kuuza A220 zote 12. Tofauti ni kwamba mwenye ndege nyingi anapanga foleni kiwandani akiwa na nyingine za kuruka. Injini za akiba zilikuwa haba dunia nzima. A220 ina viti 132. Ndiyo ndege sahihi kwa Mwanza, Johannesburg na Lusaka. Ukiiegesha, unabaki kuchagua kati ya Q400 ya viti 76, inayochukua muda mrefu zaidi njiani, au 787 ya viti 262 iliyonunuliwa kwenda Mumbai na Guangzhou. Kupeleka 787 Mwanza kwa safari ya saa moja na ushee ni kuichosha bure. Magurudumu, breki na injini vinahesabiwa kwa idadi ya kuruka na kutua, si kwa umbali peke yake.

Juu ya hilo kuna suala la nani mwenye ndege. Nyingi zilinunuliwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, kisha ATCL ikakodishiwa. Hapo shirika liko kama dereva wa daladala mbele ya tajiri: gari lipate abiria au lilale gereji, hesabu inatakiwa. CAG mwenyewe aliwahi kupendekeza masharti ya ukodishaji huo yaangaliwe upya, hasa baada ya korona kuzima safari. Wapo wanaosema hela hiyo ni ya Serikali inayozunguka kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo isituumize. Inatuumiza, kwa sababu inaficha ukweli pande zote mbili. Huwezi kujua kama ruti inalipa wakati gharama kubwa kuliko zote inapangwa kwa makubaliano ya ofisi mbili za umma, si kwa bei ya soko.

Umiliki huo ulizaa kichekesho kingine kisichochekesha. Ndege ikiwa mali ya Serikali, kila anayeidai Serikali akishinda kesi huko nje anaiangalia kama dhamana. Mwaka 2017 Q400 yetu ilizuiliwa Canada kwa deni la mkandarasi wa barabara, ikafika nchini Aprili 2018. Agosti 2019 A220 ikakamatwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyetaifishiwa mashamba hapa nchini miaka mingi nyuma. Mahakama ikaiachia Septemba. Mwisho wa mwaka huo huo Q400 nyingine ikashikiliwa Canada. Desemba 2022 A220 iliyokwenda kwenye matengenezo Uholanzi nayo ikakamatwa kwa deni la mwekezaji wa miwa. Hakuna hata moja kati ya hizo lililokuwa kosa la ATCL. Lakini safari zilizofutwa zilikuwa zake, na abiria waliotukana walikuwa wanamtukana dada wa kaunta.

Niache makaratasi nikueleze kile unachokutana nacho wewe kiwanjani, maana najua umewahi kukaa Mwanza hali ya hewa ni shwari, jua linawaka, na ubao unasema safari imechelewa. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga ratiba, kwa hiyo hili nalijua kwa uchungu.

Chukua Q400 moja kwa siku moja. Imepangwa kuondoka Dar saa 12 asubuhi kwenda Mwanza, kutoka Mwanza kwenda Bukoba, kurudi Mwanza, kurudi Dar, halafu mchana Dodoma na kurudi, na jioni Mbeya na kurudi. Kati ya safari na safari imepewa dakika kama 30 au 40 chini: abiria washuke, pafagiliwe, mafuta yaingie, mizigo ibadilishwe, wengine wapande. Asubuhi Bukoba kuna wingu zito juu ya ziwa. Ndege inasubiri Mwanza dakika 90. Basi, siku nzima imeharibika. Abiria wa Dodoma, ambaye hajawahi kufika Bukoba maisha yake, anachelewa saa moja na nusu. Kufika jioni marubani wanakaribia ukomo wa saa zao za kazi kisheria, na hapo huwezi kuwabembeleza. Unatafuta wengine au unafuta Mbeya. Ingekuwepo ndege moja ya akiba Dar, mnyororo ungekatwa mchana. Lakini ile ya akiba ndiyo hiyo iliyoko karakana.

Kuna taa pia. Viwanja kadhaa vya mikoani havina taa za kutosha za ndege kutua usiku, Bukoba ukiwa mfano unaojulikana. Maana yake ndege ikichelewa mchana, jua likikaribia kuzama ile safari haiahirishwi, inafutwa. Na hata kama haijachelewa, ratiba yote ya kwenda huko lazima ibanwe mchana. Ndege iliyoundwa kuruka saa kumi kwa siku unaipa sita au saba. Rudi kwenye hesabu yangu ya dola 300,000 uone taa za njia ya kurukia zina thamani gani kwa shirika. Kila nikiona kiwanja kinajengewa jengo zuri la abiria kabla ya taa, nahisi kupiga simu.

Dola haijaacha kutusumbua vilevile. Wewe unalipa nauli kwa shilingi. Mafuta ya ndege bei yake inafuata dola, vipuri ni dola, bima ni dola, mafunzo ya rubani nje ni dola. Shilingi ilipoyumba 2023 na 2024 na dola zikawa adimu benki, shirika lenye mapato mengi ya ndani lilikuwa linanunua dola zile zile ulizokuwa unazihangaikia wewe kwa ajili ya kontena lako. Ndiyo maana ruti za Mumbai, Guangzhou na Johannesburg zina mantiki hata kama zinachukua muda kukomaa: zinaingiza fedha za kigeni. Kosa ni kuzifungua kabla ya kuwa na ndege ya pili ya kuaminika ya kuzibeba pindi ya kwanza ikiugua.

Hukuuliza kuhusu Ulaya, lakini wengi wananiuliza. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, sababu ikiwa usimamizi wa usalama wa mamlaka zetu. ATCL haikuwa na safari za Ulaya, kwa hiyo hakuna tiketi iliyofutwa. Madhara yake yapo kwingine: wakala wa utalii wa Ulaya ataogopa kumpakia mteja wake kwenye ndege yetu ya KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwenda Zanzibar kwa sababu ya bima yake, na shirika kubwa la nje litasita kuuza kiti chetu kwa namba yake. Hapo napo lawama si ya wahudumu unaowaona. Tiba yake ni kuajiri na kuwalipa vizuri wakaguzi wa anga, watu ambao hakuna anayekata utepe siku wanapoajiriwa.

Sasa liuzwe? Mwanangu, mnunuzi atanunua nini? Maadamu umiliki wa ndege haujakaa kikamilifu kwenye vitabu vya shirika, anachouziwa ni jina, haki za ruti, wafanyakazi na madeni. Ndicho tulichouza 2002, na umeona kilivyorudi. Wanaosema mwekezaji ni dawa waangalie majirani. Kenya Airways waliuza asilimia 26 kwa KLM 1996, wakaingia soko la hisa, wakang'ara kweli kwa muda. Kisha wakakaa zaidi ya miaka kumi kwenye hasara, wakapata faida ya Sh5.4 bilioni za Kenya mwaka 2024, na nusu ya kwanza ya 2025 wakarudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni. Sababu kubwa? 787 tatu kati ya tisa zilikuwa chini zikisubiri injini. Hisa zilikuwa zimegawanywa kati ya Serikali yao, benki na wawekezaji, na ndege ilikaa chini vilevile.

Ningekuwa na sauti, ningezuia aina nyingine yoyote mpya ya ndege kwa miaka kadhaa. Hela ya ndege inayofuata ningeigawa kwenye injini za akiba, kwenye karakana ya KIA ili matengenezo makubwa yafanyike hapa kwa mafundi wetu, na kwenye taa za viwanja. Zile MAX mbili ama ziongezwe zifike idadi ya maana, ama zibadilishwe. Mbili si kundi, ni usumbufu. Na bodi ipewe uwezo wa kufunga ruti isiyolipa bila kusubiri mbunge wa eneo hilo akasirike. Kama Serikali inaona ruti fulani ni huduma kwa wananchi, kama barabara, sawa kabisa, basi iilipie waziwazi kwa jina hilo, isiifiche ndani ya hasara ya shirika.

Na Aprili ijayo, ripoti ikitoka, usiishie kwenye ile namba ya hasara inayosomwa kwenye taarifa ya habari. Tafuta ndani yake maelezo ya ndege gani ilikaa chini kwa siku ngapi na kwa sababu gani, kisha angalia deni la TGFA limeongezeka au limepungua. Hasara ikiwa kubwa lakini siku za kukaa chini zimepungua, mwambie mzee shirika linapona. Hasara ikipungua huku ndege zinakaa chini zaidi, kuna ruzuku imeingia, na mwaka unaofuata mtanisoma tena hapa nikijibu swali hili hili.